Jinsi nilivyofunga vifuniko vya maboksi ya tarantula wangu baada ya dume kutoka usiku

Mimi ni mtu wa Korogwe ila naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa saba sasa, na nafuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya. Ninao wanane, watano ni wale wapole wa Mexico na Amerika ya Kusini, watatu ni wa kwetu kabisa, Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya chungwa ambaye wafugaji wa huku wanamwita baboon (nyani) wa Usambara. Niliwanunua wadogo, wa kuzaliwa kwa wafugaji sio wa kukamatwa porini, na nikimwangalia yule jike akifuma utando wake usiku najisikia kabisa nina kipande cha nyumbani pale mezani. Ila hawa wa Usambara hawana yale manyoya ya kuwasha ambayo wenzao wa Amerika wanayarusha wakiudhika, wao silaha yao ni meno na mbio. Akikuuma ni maumivu makali na misuli inakaza, sio kitu cha kucheza nacho kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka minne.

Maboksi ninayotumia ni yale ya plastiki angavu ya kuhifadhia vitu, lita 9, yana vishikio viwili vya kubana kwenye ncha za upande mfupi. Ni mazuri, unaona ndani, bei nafuu, yanapangika. Tatizo liko upande mrefu, pale katikati ambapo hakuna kinachobana kitu, na plastiki ikikaa kwenye chumba cha joto miezi kadhaa ule ubapa wa kifuniko unaanza kujikunja kwenda juu. Mimi sikuliona hilo, nilikuwa naangalia vishikio tu, nikisikia tak nasema tayari.

Januari mwaka juzi dume langu lilijivua gamba likatoka limekomaa, unajua kwa vile viungo vidogo vya mbele karibu na mdomo, ncha zake zimevimba kama glovu za bondia. Dume likishakomaa halikai tena, linazunguka usiku kucha linatafuta jike, linapanda kuta za plastiki maana nyayo zao zina vinywele vinavyoshika hata kwenye kioo, likifika juu linasukuma. Asubuhi mwanangu akaniambia "Baba, buibui hayupo." Nikadhani kajificha. Naangalia boksi, udongo mtupu, na pale katikati ya kifuniko kuna mwanya nikapitisha kadi ya benki bila kukwaruza. Watu wengi hawajui hili, tarantula anapita popote pale kinapopita kile kifua chake kigumu cha mbele, tumbo ni laini linajibana. Tulimpata jioni nyuma ya kabati la vitabu, karibu na bomba la hita, nikamfunika na bakuli la plastiki nikapitisha kadibodi chini yake, mikono inatetemeka. Mke wangu hakugomba, alisema tu, "Baba watoto, hawa wanyama siwachukii, lakini hicho kifuniko leo hii kitafutiwe dawa." Alikuwa na haki.

Nilianza na rababendi kubwa, mbili kwa kila boksi. Usijaribu kuzitegemea. Kwanza zinakauka, baada ya miezi minne mitano karibu na hita zinakuwa na nyufa ndogo ndogo na siku moja unaikuta imekatika iko chini. Pili, na hili ndilo liliniuma zaidi, ukiivua inakuponyoka inapiga plastiki na boksi zima linatikisika, yule jike alikuwa anatoka pangoni miguu juu kabla hata sijafungua, na kumbe hakuwa mkali, mimi ndiye nilikuwa nampigia ngoma juu ya nyumba. Kuanzia hapo nikajua kifuniko kizuri sio kile kinachobana sana tu, ni kile unachoweza kukifungua bila mnyama kujua. Selotepu ikapita hivyo hivyo, inavutika kwa kelele na inaacha gundi. Kuweka kitabu juu sikutaka kabisa maana kinaziba hewa, na mtoto akikivuta kila kitu kinaanguka, na tarantula akianguka hata kimo kidogo tumbo linaweza kupasuka akafa. Ndio maana hata ndani najaza udongo, yale makumbi ya nazi yaliyosagwa wanayouza kama tofali kwenye maduka ya bustani, mpaka nafasi ya juu inabaki ndogo.

Klipu nyeusi za karatasi, zile pana za ofisini, zilinisaidia kwa muda na bado nazitumia kwa wale wa Mexico, mbili kila upande mrefu, ziko imara na ni za senti. Kwa wa Usambara nikaenda kwenye bolti.

Nilifanya hivi, na boksi likiwa tupu, buibui yuko kwenye kopo lingine. Geuza boksi kwanza uangalie namba ndani ya ile pembetatu ya mishale chini, ndiyo inayotaja aina ya plastiki. Ikiwa 5 hiyo plastiki inakunjika, inakubali drili. Ikiwa 6 ni ile inayong'aa kama kioo na inapasuka ukiigusa vibaya, hiyo natoboa kwa chuma cha umeme cha kuchomelea waya, nje ya nyumba kwa sababu ya moshi, na nachoma kutokea ndani kwenda nje ili vile vipande vikali vibaki nje visimkate miguu. Yangu ilikuwa 5. Nikafunga kifuniko, nikakibana na zile klipu kisisogee, nikatoboa kifuniko na ukingo wa boksi kwa pamoja, milimita 3.5, tundu mbili kila upande mrefu, nje ya ukuta wa boksi ili ndani kusiingie chuma. Halafu tundu za kifuniko peke yake nikazipanua mpaka milimita 5. Bolti ya milimita 4 nikaiingiza kutokea chini kwa bisibisi, inajikatia njia yenyewe kwenye ule ukingo kwa hiyo haizunguki tena, juu unaweka washa, kile kiduara cha chuma chenye tundu, na nati ya masikio, ile unayofungua kwa vidole. Mkono mmoja, kimya kabisa.

Likabaki la utando. Huyu wa Usambara anafuma kila mahali, anaunganisha udongo na kifuniko, ukikiinua unabomoa nyumba yake ya miezi na yeye anakasirika kwa haki. Kwa hiyo nikakata tundu la kama sentimita 3 kwenye kona ya mbali na pango, nikalifunika na kipande cha plastiki nene kilichoshikwa na bolti moja, kinazunguka kama kile kifuniko cha tundu la ufunguo kwenye milango ya zamani, na upande wa pili nati ya masikio inakizuia. Nyenje wa chakula chake anapitia hapo, maji napitisha hapo kwa bomba la sindano, na nahakikisha kwanza kwa tochi jike liko wapi. Kifuniko chenyewe nakifungua labda mara mbili kwa mwaka, boksi likiwa ndani ya beseni kubwa, na kibano cha sentimita 30 mkononi.

Dume lilikufa miezi michache baadaye, ndio maisha ya madume. Jike lipo. Nati nazikaza kwa vidole tu bila koleo, kwa sababu ukizidisha plastiki inaanza kupasuka kutokea kwenye tundu, na kila usiku kabla ya kuzima taa nazipitishia kidole zote, na ile ya kwenye tundu dogo la kulishia pia.