Ruta iliyozimika kila usiku saa mbili

Tulikuwa kwenye kanuni ya sini. Nimekwisha kuchora pembetatu ubaoni, nasubiri binti wa Pangani anipe urefu wa upande wa tatu. Akaanza, “Mwalimu, mimi nimepata saba nukta…” na sauti ikakatika. Nikatazama juu ya friji. Taa za ruta, kile kifaa kinachotugawia intaneti nyumbani, zilikuwa zimezimika zote kwa pamoja. Sekunde mbili tatu baadaye zikaanza kuwaka moja moja, kama kuna mtu kachomoa waya akauchomeka tena. Na karibu na friji hapakuwa na mtu. Taa ya sebuleni inawaka, feni inazunguka.

Ruta yangu ikizimika hivyo huchukua dakika mbili na nusu hadi intaneti irudi. Usiku ule ilizimika mara sita ndani ya kipindi cha saa moja na nusu, yaani robo saa nzima ya somo iliteketea. Nafundisha hesabu kwa njia ya intaneti, tuisheni ya jioni kwa watoto tisa wa kidato cha nne. Wawili wako hapahapa Tanga, Mabawa, wengine Muheza na Pangani. Wengi wao hutumia simu za wazazi na bando la kununua kwa mafungu. Mimi nikikatika, wao wanabaki hewani wananisubiri, na bando linakwenda. Hilo ndilo lililoniuma kuliko jambo lingine lolote.

Kwanza niliilaumu kampuni inayonipa intaneti. Nilipiga simu mara tatu. Mara ya tatu kijana aliyepokea akaniambia nichukue pini, nibonyeze kitundu cha nyuma ya ruta kwa sekunde kumi. Nikabonyeza. Hakuniambia kwamba kitundu kile kinafuta kila kitu, pamoja na jina na neno la siri vinavyoiunganisha ruta na laini ya kampuni. Sikuwa nimeviandika popote. Nikakaa siku mbili bila intaneti kabisa nikisubiri wanisomee upya, na ruta iliporudi ikaendelea kuzimika vilevile. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitundu hicho, ingia kwenye kurasa za mipangilio na uzipige picha kwa simu, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya dakika tano.

Baada ya hapo nikachukua daftari. Niligundua kwamba neno “imekata” nilikuwa nalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. Kuna intaneti kukatika huku ruta ikiwa nzima: taa za umeme na waifai zinabaki, ya intaneti peke yake ndiyo inazimika au inageuka nyekundu. Kuna waifai kupotea huku aliyeunganishwa kwa waya akiendelea bila shida. Na kuna ruta yenyewe kuzimika na kujiwasha upya. Nikachora safu nne: saa, taa zipi zimezimika, nani walikuwa wameunganishwa, joto la chumba. Laptopu nikaiunganisha kwa waya. Usiku wa kwanza tu daftari likajibu. Kila ilipokata, hata taa ya waya ilikufa.

Ushahidi wa pili ulitoka ndani ya ruta. Nilifungua kivinjari, nikaandika 192.168.1.1, nikatafuta ukurasa wa kumbukumbu za mfumo. Kila baada ya tukio, kumbukumbu za nyuma zilikuwa zimefutika, na mstari wa kwanza ulikuwa na tarehe 1 Januari 1970. Nilidhani imeharibika akili. Kumbe ruta kama yangu haina betri ya kutunza saa. Ikiamka huanza kuhesabu kutoka tarehe hiyo, ambayo ndiyo mwanzo wa kalenda ya mifumo ya kompyuta iitwayo Unix, hadi ipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Kwa hiyo nikiiona 1970 najua kwamba ruta imekufa na kufufuka. Laini ya kampuni haikuwa na kosa, nami nikaacha kupiga simu.

Sasa kwa nini ife?

Tulikuwa mwezi wa pili, kaskazi inavuma, na sebule yetu hapa Makorora ilikuwa ya moto hata baada ya magharibi. Ruta ilikaa juu ya friji, na juu ya ruta kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma alichokitengeneza mama kwa mkono wake. Kila kitu cha thamani nyumbani kwetu kina kitambaa chake. Niliona uzito kumwambia.

“Mama, naomba niazime hiki kitambaa wiki moja. Kuna kitu nataka kukipima.”

“Vumbi, mwanangu. Kitu kama hicho hakiachwi uchi.”

“Najua, mama. Wiki moja tu.”

Akakikunja mwenyewe, akaondoka nacho chumbani, nami nikaona kwamba amehuzunika.

Nikaihamishia ruta kwenye kabati la vitabu, mbali na friji, kwenye soketi nyingine. Kuzimika kukapungua kutoka mara sita hadi nne. Hapo nilikosea, na kosa lenyewe lilinigharimu siku nne: nilikuwa nimebadilisha mambo matatu kwa mkupuo mmoja, kitambaa, mahali na soketi, na ule unafuu mdogo ukanifanya niamini tatizo ni joto la ruta tu. Nikanunua feni ndogo ya mezani, nikaielekeza pale. Haikusaidia. Nikabadilisha chaneli ya waifai, yaani njia ya hewani inayopitia, kutoka 6 kwenda 11, kwa sababu katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Hiyo nayo haikusaidia, na nilipaswa kujua, maana chaneli haiwezi kuzima taa ya waya.

Nilikaribia pia kuipa ruta toleo jipya la programu yake ya ndani. Mshale wa kipanya ulikuwa tayari kwenye kitufe. Nikajizuia. Ruta ikizimika katikati ya kuandika programu hiyo inaweza isiwake tena, na hii yangu ilikuwa inazimika bila kuaga. Programu ingesubiri hadi kifaa kitulie.

Swali lililobaki kwenye daftari lilikuwa la saa. Mchana haizimiki hata mara moja, kuanzia saa mbili usiku inaanza. Je, ni joto la siku nzima lililojikusanya? Ni umeme wa mtaa kupungua nguvu watu wanapowasha vitu vyao? Au ni wingi wa watumiaji? Jumamosi saa nne asubuhi, upepo wa baharini ukiwa umepoza nyumba, nikamwita mtoto wa kaka yangu.

“Waite wenzako wawili waje na simu zao. Leo nataka muitumie intaneti mpaka ichoke.”

“Kweli, shangazi?”

Wakaja watatu badala ya wawili. Simu nne, televisheni na laptopu yangu, kila kimoja kikivuta video. Dakika ya kumi na moja, taa zote zikazima. Nikawaambia wawili waondoke kwenye waifai, ikatulia. Wakarudi, ikazima tena. Ilikuwa asubuhi, chumba hakina joto, umeme wa mtaa hauna wasiwasi. Ruta ilikuwa inaanguka inapobebeshwa mzigo.

Nikainama kuchomoa adapta, kile kijisanduku cha kwenye soketi kinachoipa ruta umeme, nikaurudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto kuliko ruta yenyewe. Nilipoisogezea sikio nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu. Wiki mbili nilikuwa nahangaika na ruta, na ile adapta nyeusi iliyojificha nyuma ya friji nimeihamisha nayo kila mahali bila kuitilia shaka.

Jumatatu nikaenda Ngamiani, Barabara ya 9, kwa mzee mmoja anayetengeneza redio.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?”

Nikamweleza yote, hata safu za daftari. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akagusisha nyaya za mita ya kupimia umeme kwenye ncha ya adapta. Mita ikasoma volti 12.2, na lebo ya adapta inasema volti 12, ampea 1. Moyo ukanishuka. Nzima!

“Ngoja,” akasema. “Mita haili kitu. Tumpe mlaji tuone.”

Akatoa kwenye kopo taa ya indiketa ya pikipiki, ya volti 12 na wati 10. Ukigawanya, hiyo inakula kama ampea 0.8, mzigo ambao adapta ya ampea 1 inapaswa kuubeba bila kuhema. Akaiunganisha. Taa ikawaka, ikafifia, ikawa inachezacheza. Namba za mita zikashuka mbele ya macho yangu: 11, 10, zikaenda kutulia kwenye 9.3. Nilitamani wanafunzi wangu wote wawepo pale waone.

Akaifungua. Hii kazi usiifanye nyumbani, na yeye mwenyewe alinisisitizia: umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani ya adapta hufika zaidi ya volti 300, na kapasita kubwa, kile kipande kinachotunza chaji ya umeme, inaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa. Aliimaliza chaji kwanza, kisha akanionyesha kapasita nyingine ndogo upande wa volti 12. Kichwa chake kilipaswa kuwa bapa kama sarafu. Kilikuwa kimevimba, na pembeni kuna ukoko wa kahawia.

Akaniambia niifikirie kama tangi la maji la nyumbani. Bomba likileta maji kwa vipindi, tangi ndilo linalofanya koki isikatike. Kapasita ya aina hii ina majimaji ndani, na joto huyakausha. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi kumi za ziada hupunguza umri wake kwa nusu. Adapta yangu ilikaa miaka miwili nyuma ya friji, palepale friji inapotolea joto lake. Tangi likakauka. Mtu mmoja akifungua koki maji yanatosha, sita wakifungua kwa pamoja volti zinaanguka kufumba na kufumbua, ubongo wa ruta unapotea, unaanza upya kutoka 1970.

Nilinunua adapta mpya kwa shilingi 12,000. Volti lazima ziwe zilezile za lebo ya ruta. Ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, kwa sababu ruta huchukua inachohitaji tu, nami nikachukua ya ampea 2. Tazama pia ule mchoro mdogo wa alama za kujumlisha na kutoa, uhakikishe unafanana kwenye ruta na kwenye adapta. Na ncha ijaribu kwenye ruta kabla ya kulipa. Zipo zenye tundu la milimita 2.1 na za 2.5, kwa nje zinafanana kabisa, lakini moja itakataa kuingia au italegea.

Nyumbani nilianza kwa mama. Alikuwa amejilaumu wiki nzima bila kusema, akiamini ni kitambaa chake kilichoiua ruta. Nikamweleza habari ya tangi na friji. Akauliza, “Kwa hiyo si mimi?” Nikamwambia si wewe, mama. Ruta sasa imetundikwa ukutani kwa skrubu mbili, matundu yake yote wazi, adapta iko kwenye hewa, na kitambaa kimetandikwa juu ya kabati la vitabu, kimeninginia vizuri mbele.

Baada ya siku tatu za utulivu ndipo nilipoiwekea programu mpya. Daftari niliendelea nalo kwa siku saba, vipindi vya jioni kama kawaida, simu zote zikiwa zimeunganishwa. Safu ya kuzimika ina sifuri sita na alama moja, ya Alhamisi saa mbili na dakika ishirini. Nilitoka nje kutazama kabla ya kuiandika: umeme ulikuwa umekatika, Makorora yote giza. Mzee wa Barabara ya 9 ananitafutia betri ndogo ya volti 12 kwa ajili ya usiku kama huo.