Siku moja na shokapu za Toyota IST, Kigamboni

Mimi ni fundi wa miguu ya gari, yaani shokapu, springi na vinavyoshika tairi, sina gereji, nafungia kazi nyumbani kwa mteja. Watu wakisikia hivyo wanasema huyo kanjanja, fundi wa maana angekuwa na gereji yake. Basi hii ni siku yangu ya jana kama ilivyokuwa.

Saa 11 alfajiri nimeamka, chai, nikakagua boksi. Jeki moja, stendi nne za chuma, soketi, spana za 10 mpaka 24, alenki (ufunguo wa pembe sita), nyundo, bomba la chuma la futi tatu na klampu mbili za kubania springi. Hivyo tu. Saa 12 na nusu mimi na dogo ninayemfundisha tupo Magogoni tunapanda pantoni, asubuhi umati wote unavuka kuja mjini sisi tunaenda kinyume nao kwa hiyo nafasi ipo.

Saa 2 kasoro tupo kwa mteja, mama mtu mzima, nesi mstaafu. Nikamwamkia shikamoo mama, akasema marahaba baba, hii gari ikipita tuta inalia kama kabati la vyombo. Nikaibonyeza kona ya mbele nikaachia, ikanesa mara tatu ndo ikatulia. Shokapu, kile kibomba kinachozuia gari kunesanesa, ikiwa nzima inarudi mara moja inakaa. Nikaingiza mkono nyuma ya tairi nikatikisa linki ya stabilaiza, kile kifimbo kinachounga shokapu na chuma cha kuzuia gari kulala kwenye kona, ka ka ka, hiyo ndo kelele ya matuta. Na shokapu zote za mbele zimelowa mafuta mwilini. Mama alishanunua spea, shokapu nne na linki mbili, alimtuma mdogo wake Kariakoo.

Saa 2 na nusu nikalegeza nati za tairi gari ikiwa chini bado (soketi ya 21, Toyota nyingi ndo hiyo), mawe nyuma ya matairi, jeki, stendi. Siingii chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata mteja aniharakishe vipi.

Hapo ndo nikafungua maboksi. Shokapu za mbele zote mbili za kushoto.

Nikazilaza chini pamoja nimwoneshe mama. Kile kibati cha kushikia mpira wa breki na linki, ya kulia na ya kushoto vinatakiwa vitazamane kama mkono na mkono, hizi vimeelekea upande mmoja. Mama akampigia mdogo wake, na yule bwana akaniambia kwenye simu, fundi shokapu ni shokapu wewe igeuze tu. Nikamwambia kaka haigeuki, nikiilazimisha mpira wa breki utavutika siku dada yako anakata kona na utakatika. Akasema mafundi wa siku hizi mna maneno mengi. Muuzaji naye akagoma kubadilisha kwa sababu boksi limefunguliwa, sasa unajuaje ya kushoto bila kufungua boksi? Simu ikaenda ikarudi mpaka saa 5 ndo muuzaji akakubali, irudishwe moja na boda ilete ya kulia. Kariakoo mpaka Kigamboni na foleni ile mnaijua wenyewe.

Hatukukaa bure. Tukaanza kushoto, na hapo saa nikaacha kuziangalia. Kigamboni upepo wa chumvi unakula chuma, bolti mbili zinazoshika shokapu na nako (chuma kinachobeba tairi) zilikuwa zimeshikana kama zimechomelewa. Ya juu ikatoka. Ya chini mafuta ya kutu, subiri, nyundo, mafuta tena, spana nikaichomeka kwenye bomba la futi tatu tukaning'inia wawili, mikono inatetemeka, jua la utosi, jasho linaingia machoni na huwezi kujifuta maana mkono wote grisi. Ukilazimisha kwa hasira bolti inakatika ndani na hapo umeshamtia mama gharama nyingine. Unarudisha kidogo kukaza, unalegeza, unarudisha. Ilipolia kriii nilijua imekubali, na ule mlio nikiusikia uchovu wote unapungua.

Shokapu ya mbele imevaa springi, na hiyo ndo sehemu sifanyi utani. Klampu mbili pande mbili zinazotazamana, unabana raundi chache huku raundi chache huku, sawasawa, mpaka springi inacheza kwa mkono kwenye kiti chake, hapo tu ndo unafungua nati ya katikati. Dogo nikamsogeza pembeni na mimi mwenyewe siinamii juu yake. Ukifungua ile nati springi haijabanwa inaruka na inaua mtu. Fundi mwenzangu ilimvunja mkono.

Nyuma kulikuwa kwepesi, IST springi ya nyuma imekaa mbali na shokapu, ukiinua mhimili kwa jeki unatoa moja unaweka nyingine. Mdogo wake mama akafika mwenyewe na ya kulia saa 9 na kitu, akachungulia chini akaona bolti za shokapu za nyuma sijazikaza mwisho, akapiga kelele unataka kumuua dada yangu? Nikamweleza taratibu, zile bolti zinapita kwenye bushi, kile kipete cha mpira, ukizikaza gari ikiwa hewani, ikishuka mpira unabaki umejipinda na bushi inachanika mapema. Inakazwa gari imesimama kwa matairi yake. Hakuniamini. Mama ndo akamwambia mwache mtu afanye kazi yake.

Kulia ilitoka haraka maana bolti zake nilizimwagia mafuta tangu asubuhi. Linki nazo, nati inazunguka na kichwa chake kwa hiyo unakishika na alenki huku spana inazunguka. Gari chini, bolti za nyuma nikazikaza, nikamwita mdogo mtu ashike spana mwenyewe aone. Akakaza, akanyamaza.

Giza linaingia tukaenda kujaribu barabara ya vumbi, tuta la kwanza, la pili, mama kafunga redio kabisa asikilize. Kimya. Nikamwambia kesho aipeleke alaimenti wakanyooshe matairi, ukigusa shokapu za mbele kemba (tairi linavyoinama ndani au nje) inahama na tairi zitaliwa upande.

Tulikubaliana 80,000. Mdogo mtu alitaka kupunguza eti nimechelewesha. Mama akahesabu zote akanipa mkononi.

Kwenye pantoni dogo alilala kakaa juu ya boksi. Kesho nina Noah Tabata, boljointi (viungo vya mpira wa chuma vinavyoshika mguu wa tairi) zote mbili.