Paa la makuti, tangi chini ya sakafu

Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, hakina chanzo cha maji baridi. Nyumba zake saba za wageni hutegemea mvua: paa pana la makuti huikinga, maji yakachujwa na kuingia tangini chini ya sakafu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ukitaka kujenga hivyo, piga hesabu kabla ya kuchora ramani ya nyumba.

Mwinuko wa paa uwe nyuzi 45 hivi. Likilala, maji hutuama, makuti huoza. Mvua ya kwanza imwage, imebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Choo cha nyumba hizi ni cha mboji, hakivutwi maji. Hutupiwa majani makavu. Kikinuka, unyevu umezidi au hewa haipiti.