Huzuni Nitaiona Mwenyewe

Mimi nililelewa na kibanda umiza. Kwa asiyekijua, ni chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni moja na deki, unalipa shilingi chache na kutoka na jasho la watu arobaini pamoja na muvi mbili za ngumi kichwani. Manzese ndiko nilikoanza kushika maikrofoni, nikitafsiri muvi za Kichina kwa Kiswahili cha mtaani. Kichina sikijui mpaka leo. Nilichokijua ni kwamba watu wakicheka, mwenye kibanda ananinunulia chipsi. Waliokulia vibandani wanamkumbuka Lufufu, wanamkumbuka DJ Mark, ma-DJ wa kutafsiri muvi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa darasa lao, yule wa dawati la nyuma.

Kwa hiyo nilipopigiwa simu nikaulizwa kama naweza kufuatana na tamasha la filamu la watu wenye ulemavu, Dar es Salaam hadi Tabora, kazi yangu ikiwa ni kuwasimulia wasioona yale yanayoonekana kwenye pazia, nilicheka. Nikasema kazi hiyo naijua tangu sijaota ndevu. Maneno hayo yalikuja kunisuta Dodoma.

Tuliondoka Agosti, kabla ya adhana ya alfajiri. Watu sita, Canter moja na Noah moja. Kwenye Canter kulikuwa na projekta, jenereta, spika mbili kubwa, pazia jeupe la mita nne, rundo la mbao bapa ambazo dereva alizilalamikia njia nzima, na sanduku la vipokezi 40 vya sikioni. Vipokezi hivyo ndivyo moyo wa kazi yangu. Nakaa pembeni na maikrofoni yangu ndogo, asiyeona ananisikia kwa sikio moja, na sikio la pili linabaki kwa ajili ya filamu yenyewe na umbea wa jirani. Mkalimani wetu wa lugha ya alama alikuwa dada mmoja aliyezaliwa na baba kiziwi na mama kiziwi. Alijua alama kabla hajajua kusema. Tulimwita Dada Alama, naye akaitika.

Onyesho la kwanza lilikuwa Morogoro, kwenye uwanja wa shule, milima ya Uluguru ikiwa imeshavaa ukungu wake. Tulikuwa tumepanga kila kitu kwenye karatasi. Viziwi wakae mbele kulia wamwone mkalimani, wasioona wakae karibu na spika wasikie vizuri. Giza likaingia, picha ikang'aa, na Dada Alama akapotea. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba mikono inahitaji taa. Kijana mmoja akamulika tochi ya simu, mwingine naye akamulika, mwisho dada wa watu amesimama kama mwizi aliyekamatwa na sungusungu. Tukawasha taa ya gari, picha kwenye pazia ikafifia ikawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Siku ya pili tukanunua balbu ndogo ya meza, tukaizungushia karatasi ya kaki, tukaifunga kwenye kijiti chini ya kidevu chake. Taa hiyo ya kienyeji ilitufikisha Tabora.

Na mpango wetu wa kukaa nao uligeuzwa juu chini. Wasioona waliomba kuhamishwa mbali na spika kwa sababu zinameza sauti ya kipokezi. Viziwi wakahamia palepale kwenye spika. Wavulana wawili waliweka viganja juu ya boksi la spika na hawakuviondoa mpaka filamu ilipokwisha. Ngoma ilipopigwa kwenye filamu, niliwaona wakiangaliana.

Baada ya Gairo nchi inabadilika, kijani kinabaki nyuma, mibuyu inaanza. Kibaigwa tulisimama kwenye soko la mahindi dereva akakagua matairi. Tukapita Buigiri, ambako shule ya wasioona ipo tangu 1950, nikamwambia Dada Alama kwamba hawa watu wa Dodoma wana uzoefu, usiku wa leo nitafanya maajabu.

Watazamaji wa usiku ule walikuwa watu wazima, wengi fimbo nyeupe mkononi. Filamu fupi ya kwanza ilikuwa ya mama muuza samaki anayemsubiri mwanawe arudi baharini. Haina maneno mengi. Nikaona hapa ndipo mahali pangu. Nikawasha injini: "Mama wa watu ana huzuni nzito! Moyo wake unalia! Ebu mwoneni anavyoteseka!" Nikashusha sauti, nikapandisha, nikaongeza na kilio kidogo.

Tulipomaliza, mzee mmoja aliyevaa koti zito akaomba niletwe.

"Ndiye wewe DJ?"

"Ndiye mimi, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Yule mama ulijuaje kwamba ana huzuni?"

"Ilikuwa usoni kwake, mzee."

"Usoni kulikuwa na nini?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilikuwa nimeitazama filamu ile mara nne na sikuweza kumwambia usoni kwa yule mama kulikuwa na nini.

"Nimekuja kuona sinema," akasema, na neno hilo "kuona" alilitamka bila wasiwasi wowote, sisi ndio tuliokuwa tukilikwepa tangu Dar. "Wewe unanililia kabla sijalia. Niambie anachofanya, mwanangu. Huzuni nitaiona mwenyewe."

Gesti usiku huo sikulala. Nilifungua kompyuta, nikazima sauti, nikaitazama filamu upya na daftari mkononi. Usoni kwa mama hakukuwa na kitu chochote. Uso mkavu kabisa. Mambo yalikuwa mikononi. Anapanga samaki watatu kwenye sinia. Anawapangua. Anawapanga tena, mkubwa katikati. Anafukuza nzi ambaye hayupo. Nikaandika hayo tu.

Kisha nikaanza kupima muda. Kati ya sentensi moja ya mwigizaji na nyingine unapata sekunde tatu, nne, ukibahatika tisa, na humo ndimo unatakiwa kuingia na kutoka bila kumkanyaga mtu mdomo. Kibandani tulikuwa tunamkanyaga tu. Hapo ndipo niligundua utajiri niliokuwa nimeukalia. Huna haja ya kusema "anatembea polepole kwa shida", unasema "anajikongoja" na umemaliza. Ananyata. Anatweta. Anakodoa. Anachechemea. Neno moja, picha nzima, na sekunde mbili zimebaki mfukoni. Tena kuna yale maneno madogo ya bibi zetu: maji chubwi, mtu chali, kimya ji. Sijui kwa nini Manzese nilikuwa nahangaika na maneno mengi hivyo. Labda kwa sababu ya chipsi.

Singida ilitupokea kwa upepo. Agosti upepo wa huko unakata, na usiku ni baridi ya kutafuta sweta. Pazia lilijaa kama tanga la jahazi, uso wa mwigizaji ukawa unavimba na kunywea, mpaka dereva alipoiegesha Canter upande unakotoka upepo. Maikrofoni yangu ikawa inavuma tu, fuu, fuu. Nikavua soksi nikaivisha. Ilisaidia sana, ingawa waliokaa karibu nami waliomba niivishe ile ya mguu mwingine, kama ina nafuu.

Hapo ndipo zile mbao bapa zilipolipa nauli yake. Uwanja ulikuwa mchanga mtupu, na kiti mwendo kwenye mchanga ni sawa na jahazi kwenye matope. Tukazilaza mbao kuanzia barabarani, watu wakaja na viti vyao na baiskeli zao za miguu mitatu, zile za kunyongwa kwa mikono. Tulikuwa tumewatengea mstari wa mbele kabisa, tukijiona waungwana. Jamaa mmoja mwenye kifua kama cha mbeba mizigo akanyoosha mkono:

"Kaka, mke wangu na watoto wako nyuma kule. Mimi mmeniweka hapa peke yangu kama mgeni rasmi."

Tukabeba mbao tena, tukazitandika katikati ya watu. Nilijisikia aibu, kwa sababu jambo lenyewe halikuhitaji semina, lilihitaji kumuuliza tu.

Mgeni rasmi mwenyewe alikuwepo, wa kweli. Hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko filamu ya kwanza. Ila nitamtendea haki: alisoma Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ule ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, akaeleza kwamba filamu na michezo ya kuigiza vimetajwa humo pamoja na televisheni. Dada Alama alikuwa anamfasiri, na viziwi walianza kusogea mbele. Mimi mwenyewe nilidhani filamu tunawapelekea kama zawadi ya sikukuu. Kumbe ni deni.

Halafu kikatokea kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi zetu. Watu wanaoona vizuri kabisa walianza kupanga foleni ya vipokezi. Watoto, mama ntilie, waendesha bodaboda. Kijana wetu wa sanduku akawa anawaeleza kwamba hivi ni vya wasioona, bodaboda mmoja akamjibu, "Kwani sisi muvi isiyo na DJ tunaionaje?" Ndiyo ukweli wenyewe. Afrika Mashariki tumezoea kusimuliwa filamu. Kenya wana DJ Afro wao, Uganda wana mavijei wao, sisi tuna wetu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kusimulia filamu kwa asiyeona ni utaalamu mpya kutoka nje. Sehemu yake ni mpya, ile ya kunyamaza. Hiyo kweli sikuwa nayo.

Usiku huo nilinyamaza. "Mama anapanga samaki. Watatu. Anawapangua." Kimya. "Anawapanga tena." Kimya, sekunde saba, upepo, jenereta. Kwenye benchi la wasioona mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na jirani yake wa siku zote, "Haji huyo." Sikuongeza neno.

Njia ya kwenda Tabora sitaisimulia sana. Kuku wa Singida tulimla. Kwenye mteremko wa Sekenke dereva alizima redio na hakuna aliyemuuliza. Tambarare ya Wembere ilikuwa kavu, ng'ombe wametapakaa hadi macho yanapoishia. Nzega tulifanya onyesho dogo la jioni, na kijana mmoja mwenye ualbino, uoni wake hafifu, alikuja akaketi chini hatua moja tu kutoka kwenye pazia, shingo ameinua. Watu wakaanza kumpigia kelele arudi nyuma. Alikuwa hamzuii mtu, kivuli chake hakikufika kwenye picha. Alitazama filamu tatu mfululizo katika mkao ule, na alipoinuka alikuwa anaisugua shingo huku anatabasamu. Mchana wa jua kali, akatuambia, hata mabango ya barabarani kwake ni shida. Sinema ya usiku ndiyo yake.

Tabora ni mji wa miembe na vivuli. Ni mji pia wenye historia na viziwi, kwa kuwa shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa huko mwaka 1963. Basi Dada Alama alikuwa na wasiwasi tangu asubuhi. Kwa muda mrefu kila shule ilikuwa na alama zake, na ingawa Lugha ya Alama ya Tanzania sasa ina kamusi na walimu, wazee wanashikilia zao. Kabla ya onyesho alikaa chini ya mwembe na akina mama wanne viziwi, wakawa wanabishana. Mikono inaruka, mabega yanapandishwa, mmoja akampiga mwenzake begani amtazame. Nikauliza wanagombania nini. "Mama mkwe," akanijibu Dada Alama. "Kila mmoja ana alama yake ya mama mkwe, na hakuna hata moja yenye adabu." Alikataa kunionyesha.

Tulikuwa pia tumeweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, tukidhani tumemaliza. Lakini mtu ambaye lugha yake ni alama, Kiswahili cha kusoma kwake ni lugha ya pili, tena maandishi yanakimbia. Wengi macho yao yalikuwa kwa Dada Alama, maandishi wakayaacha yajipitie.

Filamu ya mwisho ilikuwa ya kuchekesha, ya mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Karibu nami alikaa msichana asiyeona wa kama miaka kumi na mitatu, kipokezi sikioni, ambaye alikuwa ameshaniuliza rangi ya shati la mpangaji na kama mwenye nyumba ana kitambi. Katikati ya filamu upande wa viziwi ukalipuka kwa kicheko. Kwenye pazia hakukuwa na kitu, mlango tu.

"Wanacheka nini?" akauliza.

Nikageuka. "Kijana kiziwi kasimama mbele. Kavaa kapelo kinyume. Ananyata. Anachungulia nyuma ya spika. Anamwigiza mpangaji."

Akacheka, akachelewa kwa sekunde mbili tu baada ya wenzake.

Filamu ikaisha. Wasioona na wengine wote wakapiga makofi. Kisha makofi yakakatika, kimya kikaingia ghafla upande wa kulia, kimya cha watu zaidi ya mia. Yule msichana akanishika mkono wa shati.

"Wale hawakuipenda?"

Nilitaka kumwambia wamefurahi kupita kiasi. Nikamkumbuka mzee wa koti.

"Mikono yao iko juu," nikasema. "Vidole vimeachana. Wanaitikisa, viganja vinageuka huku na huku, kama majani ya mpapai kwenye upepo."

"Mikono mingapi?"

Nikapanda juu ya sanduku la vipokezi, nikaanza kuhesabu.