Kuipa Windows 11 haki yake: kumbukumbu ya mradi

Hali ya sasa: mashine iliyokuwa ya Linux tupu ina diski ya pili ya NVMe, na humo imekaa Windows 11. Sharti la jaribio ni moja, kwamba mfumo usihukumiwe kwa makosa ya aliyeusakinisha. Malalamiko mengi ya watu wa Linux kuhusu Windows yanatokana na kuibana kwenye pembe ya diski kisha kushangaa inapogombana na jirani yake.

Flashi

ISO ya Windows (faili moja yenye kisakinishi kizima) haimiminwi kwenye flashi kwa `dd` kama za Linux. Haikuundwa kwa mtindo huo na mashine nyingi hazitaiona. Ukinakili faili kwa mkono kwenye flashi ya FAT32, utakwama kwenye `sources/install.wim`, maana FAT32 haibebi faili ya GB 4 kwenda juu. Ikate:

`wimlib-imagex split install.wim install.swm 3800`

Vipande vinakaa ndani ya `sources`, na faili nzima usiinakili. Kisakinishi kinavitambua chenyewe. Ventoy (zana inayowasha ISO moja kwa moja kutoka kwenye flashi) nayo inafaa, ila Secure Boot (ulinzi unaokubali vianzishi vyenye sahihi tu) ikiwa imewashwa utatakiwa kwanza kusajili ufunguo wake.

Kusakinisha

Chomoa diski ya Linux kabla ya kuanza. Hii si hofu ya bure: kisakinishi kikikuta sehemu ya EFI (panapokaa vianzishi vya mifumo) kwenye diski nyingine, huenda kikaweka kianzishi chake humo hata kama Windows yenyewe inakwenda kwenye diski mpya. Siku ukiiondoa ile ya zamani, Windows haiwaki.

Orodha ya diski ikija tupu kwenye mashine ya Intel, tazama VMD (kidhibiti cha diski cha Intel) kwenye mipangilio ya UEFI (programu ya ubao inayowasha mashine). Ama uizime, ama upakie draiva ya Intel RST kutoka kwenye flashi.

Mahitaji rasmi ni pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama inayotunza funguo), RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Ukaguzi huo una njia za kuukwepa, lakini ukizitumia hujaupa mfumo haki. Na RAM ya GB 4 ni ya kuwashia tu, si ya kufanyia kazi.

Usimbaji wa diski, panapoumiza zaidi

Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine inayokidhi masharti husimba diski yenyewe bila kelele (yaani huifunga data isisomeke bila ufunguo). Ufunguo wa urejeshaji, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ukija kubadili Secure Boot au kusasisha UEFI, TPM huona mambo yamebadilika na kukudai ufunguo. Asiyejua kwamba diski ilisimbwa hudhani data imepotea. Fungua terminali kama msimamizi:

`manage-bde -status`
`manage-bde -protectors -get C:`

Andika ufunguo kwenye karatasi. Kabla ya kugusa UEFI, simamisha ulinzi kwa `manage-bde -protectors -disable C:`. Hujirudisha wenyewe mashine ikishawaka upya mara moja.

Saa na kuzima

Linux huweka saa ya ubao katika UTC, Windows huichukulia kuwa saa ya mahali ulipo. Kila ukihama mfumo, saa inaruka kwa tofauti ya ukanda wako. Rekebisha upande wa Windows:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Kisha `powercfg /h off`, ili Windows izimike kweli. Kwa kawaida Windows ikizimwa haizimiki kabisa: kiini chake hulazwa kwenye diski ili kiamke haraka, na sehemu ya NTFS (ya faili za Windows) hubaki kama iliyo wazi. Linux ikija hukataa kuandika humo, na ina haki. (Ndiyo sababu kuwasha upya hutibu hitilafu ambazo kuzima na kuwasha hakuzitibu.)

Matumizi

Usipime kasi siku ya kwanza. Masasisho, Defender (kinga ya virusi) na uorodheshaji wa faili vinakula prosesa. Programu ziingize kwa `winget` (kisakinishi cha programu cha mstari wa amri), kisha `winget export -o orodha.json` ikutunzie orodha. Zisizo kwenye hazina yake hazitaingia humo.

WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) ipo, kwa `wsl --install`, lakini anayejifungia humo anaijaribu Linux tena. Ukiihitaji, weka kazi ndani ya `~`, si chini ya `/mnt/c` (diski ya Windows ikionwa kutoka Linux), ambako kila faili hupita kwenye itifaki ya 9P na mradi wenye faili ndogo nyingi hukokota. RAM iwekee mpaka ndani ya `.wslconfig`:

`[wsl2]`
`memory=4GB`

Lawama zinazobaki baada ya marekebisho yote haya ni za haki: matangazo kwenye menyu ya kuanzia, shinikizo la akaunti, na data ya uchunguzi ambayo toleo la Home haliruhusu kuizima yote. Madirisha, sauti na skrini zenye ukubwa tofauti, kwa upande mwingine, vinafanya kazi bila kuguswa.

Kurudisha diski ya Linux

Ichomeke, kisha kwenye `/etc/default/grub` ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kwa kuwa tangu toleo la 2.06 la GRUB (kianzishi cha Linux) utafutaji wa mifumo mingine umezimwa. Tengeneza upya faili ya GRUB. Windows ikijipandisha juu ya orodha ya kuwashia baada ya sasisho, `efibootmgr` itakuonyesha namba, na `efibootmgr -o` itazipanga upya.