Gari Limepandishwa kwa Spesa, Alaimenti Je?

Ukipandisha gari dogo kama IST au Probox kwa spesa (vipande vya kuinulia gari kwenye shokapu) ili lisigonge chini kwenye barabara ya vumbi, alaimenti ya zamani, yaani mpangilio wa matairi kwa kemba, kasta na tou, imekwisha hapo hapo. Wengi hawaipimi upya. Miezi michache baadaye tairi limekwisha upande mmoja, na lawama zinamwangukia muuza matairi.

Kemba ni mlalo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele. Spesa husukuma sehemu ya juu ya tairi kwenda nje, na bega la nje ndilo linaloliwa. Kasta huonekana ubavuni: shokapu imeegemea nyuma kwa juu, na ndiyo maana usukani hurudi wenyewe baada ya kona. Kasta haili tairi, ila pande mbili zikitofautiana, gari huvuta kwenye upande wenye kasta ndogo. (Kabla ya kulaumu kasta, badilishana matairi ya mbele, kushoto kwa kulia. Mvuto ukihama, ubaya ni wa tairi.)

Mla tairi mkuu ni tou, yaani matairi mawili kutazamana au kuachana kwa mbele. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi (vitalu vya mpira vinavyogusa barabara): ukienda upande mmoja ni laini, ukirudi linakwaruza kama msumeno. Hiyo ni tou.

Tou unaweza kuipima kwa uzi. Kwanza jaza upepo sawa, kisha kagua boljointi, tairodi (fimbo inayosukuma tairi usukani unapogeuzwa), bushi na bearingi. Hata kimoja tu kikiwa kinachezacheza, vipimo vyote ni bure. Simamisha gari pasawa, usukani ukiwa katikati, na ulisukume mbele na nyuma mita mbili tatu ili springi zikae. Vuta nyuzi mbili ubavuni, kwa usawa wa katikati ya rimu. Umbali kati ya nyuzi uwe uleule mbele na nyuma ya gari, na gari likae katikati yake. Usiguse matairi kwa uzi, kwa sababu mara nyingi upana wa mbele na wa nyuma haulingani.

Sasa pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu, mbele ya rimu kisha nyuma yake. Kipimo cha mbele kikiwa kikubwa, tairi linatazama ndani. Gari dogo linaloendeshwa na matairi ya mbele hutaka tofauti ya vipimo hivyo iwe karibu na sifuri. Legeza nati ya tairodi ugeuze kidogo kidogo: robo mzunguko huhamisha takriban mm 1 kwenye rimu. Geuza pande zote mbili sawasawa, la sivyo usukani utakaa kombo. Kemba ikiguswa, tou inahama, kwa hiyo tou ni ya mwisho daima.

Pikipiki haina tou ya kurekebisha, lakini gurudumu la nyuma hukaa kombo kila cheni inapokazwa ovyo. Alama za kwenye swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) zisiaminiwe sana. Zungusha uzi nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili hadi mbele. Kama upana wa la nyuma ni inchi 3.00 na wa la mbele 2.75, uwazi kati ya uzi na tairi la mbele uwe kama mm 3 kila upande. Uzi ukigusa upande mmoja na kuacha mm 6 mwingine, rekebisha ekseli ya nyuma. Ikigoma, fremu au shokapu za mbele zimepinda.