Siku Tuliyovua Kapeti la Gari

Tulitaka kupunguza kelele ndani ya gari, lakini kapeti lilipotoka ndipo tulipojua tuna kazi mbili, si moja: kelele na kutu. Sponji la chini yake lilikuwa limenyonya maji ya kila mto uliovukwa. Ukilikamua linatoa maji meusi, na chini ya kiti cha abiria bati lilikuwa limeliwa na kutu hadi bisibisi inapenya. Siku nzima ya kwanza ikaishia kwenye brashi ya waya, kiraka na rangi ya kuzuia kutu. Ukibandika juu ya kutu, gundi itaishika kutu vizuri sana, lakini kutu yenyewe haishiki bati.

Lilikuwa gari la dizeli la silinda sita, bati tupu ndani, matairi ya matope. Injini ya namna hiyo ikizunguka mara 2400 kwa dakika, moto unawaka mara 120 kwa sekunde. Huo ndio mvumo mzito unaomaliza watu kwenye safari ndefu, na ndio mgumu kuuzuia.

Tulianza kwa kufungua waya wa hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa, kwa kuwa plagi za njano chini ya viti ni za mifuko ya hewa na mikanda. Boliti za viti hazilingani urefu, kwa hiyo kila moja iliwekwa alama ya tundu lake. Bati likaoshwa kwa sabuni, likakaushwa, kisha likafutwa kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Kabla ya kukata chochote tuligonga sakafu yote kwa kifundo cha kidole. Palipo na mbavu panajibu kwa mkato. Palipo wazi panalia kama debe. Hapo panapolia ndipo pa kubandika butili, yaani mpira laini unaonata, ya milimita 2 yenye alumini juu. Kazi yake ni kulituliza bati: likitetemeka, butili inavutwa kati ya bati na alumini, na mtetemo unaishia kuwa joto kidogo. Robo hadi nusu ya eneo inatosha. Sisi tulijaza sakafu yote, tukaongeza uzito bure.

Vipande vya mwanzo vilibandikwa asubuhi bati likiwa bado baridi, na kufika mchana pembe zake zilikuwa zimeinuka. Vikabanduliwa. Vya pili vilipashwa moto kwa mashine ya hewa moto, vikakandamizwa kwa rola mpaka michoro ya alumini ikalala kabisa. Kiganja hakitoshi: kinaacha hewa chini, na penye hewa panakaa maji. Lami ya kuzibia mapaa tuliikataa. Jua likipiga inanuka, na kwenye mlango inateremka.

Milangoni tulishusha vioo kwanza ili kuona vinapopita, kisha tukabandika bati la nje tu, bila kugusa matundu ya chini ya kutolea maji. Nailoni ya ndani ya mlango ikarudi mahali pake. Watu huitupa, kisha wanashangaa kapeti kulowa.

Juu ya butili lilikuja sponji la milimita 6, la aina isiyonyonya maji, halafu vinili, yaani shuka zito la plastiki, ya kilo 5 kwa mita ya mraba. Mita 3 za mraba ziliingia, yaani kilo 15. Vinili hiyo haitakiwi kugusa bati popote, maana ikigusa inapokea mtetemo na kuupeleka ndani. Vizibo vya sakafu tuliviachia nafasi, la sivyo gari likiingia maji utakuwa na beseni.

Tukalitoa barabarani. Milango ilifunga kwa kishindo kifupi, mlio wa debe umekwisha, lakini mvumo ulikuwa palepale. Tulipima kelele kwa simu. Simu si kipimo cha kuaminika kwa namba kamili, ila kwa kulinganisha inafaa: barabara ileile, gia ileile, kilomita 80 kwa saa. Kazi yote ile ilikuwa imepunguza desibeli 2.

Usiku fundi akaingiza tochi kwenye chumba cha injini, mwingine akalala chini ya dashibodi. Nuru ilipenya sehemu tatu: kwenye raba ya nyaya iliyochakaa, kwenye tundu la zamani lililoachwa wazi, na kuzunguka gia liva. “Hapa ndipo panapumua, kaka,” akasema. Gia liva ina raba mbili, ya juu ya urembo na ya chini ya kuziba. Ya chini haikuwepo. Bila shaka boksi ya gia iliwahi kushushwa na raba hiyo haikurudishwa. Uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta unafanya ukuta huo usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata uwe mnene namna gani. Nilitamani tungeanza na tochi.

Raba mpya ya chini, grometi moja (raba ya kupitishia nyaya) na butili laini ya kuziba vilikula saa mbili tu. Kipimo kikashuka desibeli 3 nyingine.

Na hapo ndipo ulipoanza kusikika mlio mpya nyuma, kakakaka kwenye kila bonde. Ilikuwa jeki. Tuliivika masalia ya sponji.